Mtoto Anapimwa, Mama Haulizwi



Ukurasa huu umezoea kuwasemea habari za kofia, bote, vumbi na mikanda ya kujifunga. Leo ninaomba nafasi kwa ajili ya mtu ambaye hajashuka shimoni hata siku moja, hana namba ya kazi, na pengine hajazaliwa bado. Ni mtoto aliye tumboni mwa bibi yako.

Katika chumba cha kuzalia kuna mizani. Mtoto akitoka tunamfuta, tunamweka kifuani kwa mama yake, na baada ya muda kidogo tunampima. Mshale ukipita gramu 2500 tunafurahi. Ukibaki chini ya hapo tunasema ana uzito mdogo, hata kama mimba ilitimiza miezi yake yote. Kipimo hicho ni cha Shirika la Afya Duniani, ni kimoja hapa Goma na kwingine kote. Wala si namba ya kujaza daftari tu. Mtoto wa kilo mbili anashikwa na baridi upesi, ananyonya kwa taabu, na mikrobe ambayo mwenzake anaishinda yeye inamwangusha. Nanyi mnajua usiku wa Goma: tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, asubuhi hata mtu mzima anatafuta koti.

Basi, mshale ukibaki chini, sisi waganga tuna swali moja tu: mama alikula nini? Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba tunaliuliza kama hakimu, na mara nyingi hatungoji jibu.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Kuna mama mmoja, bibi ya mchimbaji wetu, alizaa mwezi wa saba mwaka 2024. Jina lake ninaliacha, lakini mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika. Mimba ilitimia. Malaria hakuwa nayo, damu yake ilikuwa nzuri, presha nzuri, na kwenye fishi yake hapakuwa na siku hata moja ya kupima mimba aliyoikosa. Mtoto msichana akawekwa kwenye mizani: gramu 2150. Nikachukua kalamu, nikaandika: «Mama hakula vizuri.» Kisha nikaanza wimbo wangu wa kila siku, sombe, maharagi, sambaza, yai, avoka. Mama akaniacha nimalize. Halafu akasema, «Muganga, kula nilikula. Kitu sikupata ni usingizi.»

Ndipo nilipokaa chini na kumwuliza vizuri, jambo nililopaswa kufanya miezi mitano mbele.

Alikuwa anakaa Ndosho, upande wa njia ya Sake. Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka ule, mabomu yalianguka juu ya kambi za watu waliokimbia vita, upande wa Mugunga na Lac Vert, yakaua watu, na watoto ndani yao. Yeye alisikia mlio, akakimbia na tumbo lake la miezi saba mpaka Himbi kwa dada yake. Akalala chini siku tatu. Aliporudi nyumbani alianza kulala na viatu miguuni. Mwezi uliofuata ikaja habari mtaani kwamba ukuta wa shimo umewaangukia watu wa zamu ya usiku kule machimboni, na mume wake alikuwa wa zamu hiyo. Telefoni haikupita. Alikwenda kwenye biro mara tatu, wakamwambia angoje. Alingoja siku tisa. Kumbe watu wawili tu walikuwa wameumia miguu, na mume wake alikuwa mzima, anakula maharagi yake kule, hana habari kwamba Goma amekwisha kuliliwa.

Nilifuta yale maneno kwenye fishi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuyasema kwa sauti mbele ya mama mkwe wake, na maneno ya muganga mbele ya mama mkwe hayafutwi na kalamu.

Sasa niwaeleze jinsi hofu ya mama inavyofika kwa mtoto, maana mtoto aliye tumboni hajui bomu wala deni. Anayepeleka habari ni homoni. Homoni ni mjumbe. Kiungo kimoja cha mwili kinamtengeneza, damu inambeba, kiungo kingine kinampokea na kutii. Wakati wa mimba wajumbe hawa ni wengi sana: kuna anayeshikilia mimba isitoke, kuna anayetayarisha maziwa, kuna insulini inayosimamia sukari. Mimi leo ninamtaka mmoja, jina lake kortisoli. Anatoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo, kila figo na yake, kama kofia juu ya kichwa.

Kortisoli si sumu. Kila asubuhi inapanda ili uamke na kusimama. Mtu akigonga mlango usiku wa manane, ndiyo inayotoa sukari kutoka akiba ya mwili na kuimwaga katika damu, upate nguvu ya kukimbia au kupigana. Katika mimba inapanda zaidi, na miezi ya mwisho inapanda sana, kwa sababu mapafu ya mtoto yanaihitaji ili yakomae. Ndiyo maana mama anayetaka kuzaa kabla ya wakati daktari anamdunga dawa ya jamii hiyo hiyo.

Lakini kila kitu kina kiasi. Kortisoli ya mama ni nyingi kuliko mtoto anavyoweza kubeba, kwa hiyo Mungu aliweka mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo yumo katika kondo la nyuma, ile nyama inayotoka baada ya mtoto. Humo mna kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kortisoli kabla haijavuka. Hofu ya siku moja mlinzi anaiweza. Lakini hofu ya kila usiku, wiki baada ya wiki, inamchosha, na ile inayovuka inazidi. Zaidi ya hayo, homoni ya mshtuko, adrenalini, inabana mishipa ya damu, na damu ndiyo njia ya chakula cha mtoto. Wataalamu wanadhani kwamba mtoto anapokea habari hii kama agizo: huko unakokwenda ni pabaya, usikue sana, weka akiba. Anatii. Anazaliwa mdogo.

Pengine unasema, haya ni mambo ya vitabu vya mbali. Hapana, ndugu. Yalipimwa hapa hapa Goma, katika hospitali ya HEAL Africa. Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na wenzake walichunguza wamama 25 na watoto wao waliozaliwa hapo, wakatoa matokeo mwaka 2012. Waliwauliza wamama juu ya maisha yao: vita waliyoiona, waliyonyang'anywa, waliyokosa. Wakachukua damu ya mama na damu ya kamba ya kitovu, wakaandika uzito wa kila mtoto. Wakaona mambo mawili yakienda pamoja. Taabu ya mama ilipokuwa nzito, na hasa taabu ya vita, mtoto alikuwa mwepesi. Na katika jeni moja ya mtoto waliona alama nyingi zaidi.

Alama gani? Jeni ni kama kitabu cha maagizo ndani ya mwili. Maneno ya kitabu hayabadiliki, lakini mwili unaweza kuweka alama juu ya ukurasa, kama mtu anayebandika karatasi kusema «usome hapa polepole». Jeni waliyoitazama ndiyo inayotengeneza kipokezi cha kortisoli, yaani mlango ambao mjumbe wetu anapitia ili asikilizwe. Kumbe vita vinaandika hata mahali hapo, kwa mtoto ambaye hajafungua macho. Mwaka 2016 watafiti wa kundi hilo walitoa matokeo mengine juu ya jeni nyingine za njia hiyo hiyo ya kortisoli, wakaona tena alama za vita na za taabu ya kila siku.

Wamama 25 si wengi, na mimi sitawaambia kwamba kila mtoto mwepesi ni mtoto wa hofu, wala kwamba alama hizo ni hukumu ya maisha. Lakini ni wamama wa mji wetu. Mji huu uliona moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Uliona askari wa M23 wakiingia Novemba 2012, tena Januari 2025. Hapa sisi sote tunajua mtu anayelala na viatu.

Wazee wataniambia: «Mama yangu alizaa watoto wanane katika vita na kukimbia, na wote walikuwa wazima.» Ninaheshimu neno hilo. Lakini nani aliwapima? Na wale waliozikwa kabla ya kupewa jina, wamehesabiwa katika wanane? Mwili wa mama ni wenye nguvu nyingi, wengi wanapita motoni na kuzaa mtoto wa kilo tatu. Mimi sisemi habari ya wenye bahati.

Nina hofu moja ninapoandika haya, nami nitaisema wazi. Ninahofia kwamba kesho mtu atarudi nyumbani na gazeti hili mkononi, amwambie bibi yake: «Ona, muganga ameandika. Wewe ndiwe unaua mtoto kwa hofu yako. Acha kuogopa!» Tafadhali, usifanye hivyo. Hofu haifukuzwi kwa amri. Hakuna mama anayechagua kiasi cha kortisoli katika damu yake, kama vile wewe hauchagui mapigo ya moyo wako jiwe linapolia juu ya kichwa chako shimoni. Jiwe likilia, je, tunakuambia usiogope? Hapana. Tunasimamisha miti. Basi na nyumbani ni kusimamisha miti.

Nikuambie wewe unayekwenda machimboni wiki sita na kuacha bibi mjini. Hofu kubwa ya bibi yako si vita tu, maana vita havina saa. Hofu yake ina saa: ni ile saa uliyosema utapiga telefoni na hukupiga. Kama mnara hauna nguvu kila siku, usiahidi kila siku. Ahidi Jumatano na Jumapili, na siku hizo panda juu ya kilima. Franka ni vivyo hivyo. Ninajua nyumba ambamo mshahara unatosha, lakini mama hajui utafika tarehe gani wala kiasi gani kitakuwa kimenyweka njiani, na kila tarehe 28 anaanza kuhesabu makala kwenye mfuko. Kidogo kinachofika kwa siku yake kinampa usingizi kuliko kingi kinachofika kikitaka. Na mambo ya ugomvi wa ukoo, shamba la baba yako, deni la mdogo wako, hayo yaweke mpaka azae. Mtoto hataulizwa juu ya shamba.

Kuna maji pia. Mawe ya lava si njia ya mama wa miezi minane mwenye bidoni ya lita 20 mgongoni, na bidoni hiyo ni kilo 20. Lipa chukudu, au mwambie mdogo wako apunguze mpira.

Na yule anayempiga bibi yake mwenye mimba, sina neno la upole kwake. Anapiga watu wawili, na mmoja hana mahali pa kukimbilia.

Sasa ninageukia wakubwa wetu, kwa heshima, maana gazeti hili ni la kampuni na ninaandika kama mtumishi wake. Tunayo sheria nzuri ya ajali: mtu akiumia, kapita anaandika, biro inapata habari kabla ya mwisho wa zamu. Ninaomba habari hiyo isiishie biro. Siku ile ile, kabla ya jua kuzama, majina ya walioumia yajulikane kwa nyumba zao, na nyumba nyingine zote ziambiwe: wenu ni wazima. Mtu mmoja kwenye mlango wa biro, mwenye orodha na ulimi wa adabu, anatosha. Zile siku tisa za mama yule wa Ndosho hazikuhitaji dawa hata kidonge kimoja, zilihitaji mtu wa kusoma orodha. Tena ninaomba kwamba mfanyakazi ambaye bibi yake ameingia mwezi wa nane asipewe wiki sita mfululizo, kama kuna mwenzake wa kubadilishana naye. Najua ratiba ni ngumu, nimeambiwa mara nyingi. Lakini tukipima vumbi la shimo kwa mashine ya bei kubwa, tunaweza kupima na hili.

Kwa upande wetu sisi waganga, mimi nimeanza. Siku ya kupima mimba, baada ya presha na tumbo, ninauliza maswali mawili: unalala? na nyumbani kuna salama? Mwanzoni wamama walinitazama kama mtu wa ukaguzi. Sasa wengine wanafunga mlango wenyewe kabla ya kujibu. Sina dawa ya kila jibu. Mara nyingine kazi yangu ni kumwita mume, mara nyingine kumwita mama mkwe, mara nyingine kumtuma kwa wenye ujuzi zaidi yangu, kama ametendewa mabaya. Na mara nyingine kusikiliza tu, mpaka chai ipoe.

Hata hivyo msitupe chungu! Chakula kina kazi yake. Mwaka 1944 na 1945, Wajerumani walipofunga njia za chakula huko Uholanzi, watoto wa mji wa Amsterdam walizaliwa na gramu kama 300 pungufu. Malaria nayo inakaa katika kondo la nyuma na kumnyang'anya mtoto chakula, kwa hiyo lala ndani ya chandarua na umeze vidonge vya malaria na vya damu tunavyokupa mbele yetu. Pombe na tumbako, hapana. Na chumvi nunua ile yenye iode. Hapa napo ni habari ya homoni: tezi ya shingo haifanyi homoni yake bila iode, na mtoto tumboni anategemea ile ya mama, hasa mwanzoni. Tangu miaka ya 1960 madaktari walijua kisiwa cha Idjwi kwa rovu, ule uvimbe wa shingo. Na kule Ubangi, kaskazini ya nchi yetu, wamama wenye mimba waliodungwa mafuta yenye iode walizaa watoto waliozidi wenzao kwa gramu kama 200. Pakiti ya chumvi, ndugu zangu.

Na kama mtoto amekwisha kuzaliwa mdogo? Asifungiwe pembeni kama kitu cha aibu. Usimwoshe siku ya kwanza. Mpe maziwa ya kwanza, yale ya njano, na usiyamwage. Kisha mvue nguo, mwache na nepi na kofia tu, mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu vyombo vya kupashia watoto joto havikutosha, na mwaka 2021 matokeo kutoka Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yalionyesha kwamba watoto wadogo sana waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kuliko waliongojeshwa. Joto la kifua, pigo la moyo, pumzi: mtoto anatulia, na mama anatulia naye.

Baba naye ana kifua. Yule msichana wa gramu 2150, baba yake aliporudi kutoka machimboni alimbeba siku kumi na nne, akiwa amevaa koti la kazi juu, na majirani wa Ndosho wakamcheka sana. Mwezi wa pili mtoto alipita kilo tatu na nusu. Bado baba huyo anachekwa, na bado anasimulia.

Siku ya kupima mimba ni Jumanne, saa mbili ya asubuhi. Mwanaume aliye katika mapumziko aje pamoja na bibi yake, tumeongeza benchi. Mama ambaye hana fishi aje hivyo hivyo, tutaiandika hapa.